Insha Iliyovunja Sale

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi katika shule ya kata huku Kirua Vunjo, na kama kuna kitu kinachonipandisha presha ni insha ya uongo. Mtoto hajawahi kuvuka Himo, lakini ananiandikia kwamba alirauka alfajiri majogoo wakiwika, akapanda ndege na kwenda kuogelea baharini. Nimeshatupa madaftari dirishani kwa sababu ya ndege hizo. Wanafunzi wananiogopa, na sikatai, nimewapa sababu.

Binti ninayetaka kusimulia habari zake alianza hivyo hivyo. Alikuwa kidato cha pili, mrefu, mkimya, anakaa nyuma karibu na dirisha. Aliniletea ukurasa mzima kuhusu safari ya mbuga ya wanyama. Tembo walikuwemo, twiga, hata chatu.

"Ulikwenda lini?" nikamuuliza.

"Sijawahi kwenda, mwalimu."

"Sasa hao tembo umewatoa wapi?"

"Kwenye kitabu cha darasa la saba."

Nilimrudishia daftari bila kumgombeza, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilikuwa namhitaji. Kulikuwa na watu Moshi mjini wenye mfuko wa kusomesha wasichana, na tangazo lao lilikuwa limekuja kwenye grupu la walimu la WhatsApp. Walichukua wasichana wachache wa kidato cha pili kutoka shule za kata, wakawapeleka shule ya bweni kuanzia kidato cha tatu, na kuwasimamia mpaka wamalize cha sita. Walitaka ripoti ya shule, fomu, na insha ya aya nne iliyoandikwa kwa mkono wa mwanafunzi mwenyewe, inayoeleza tukio moja la maisha yake. Kwa alama, huyu binti hakuwa na mpinzani. Kwa insha alikuwa na chatu.

Na bweni ndilo lililokuwa pona yake. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake, yeye na wadogo zake wawili walibaki katika kijumba cha mbao pembeni ya kihamba, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa ambamo watu wetu huishi na huzikwa. Walikaa pale kwa hisani ya kaka mkubwa wa marehemu, baba mkubwa wa binti. Asubuhi kabla ya shule alikata majani ya ng'ombe wa baba mkubwa, jioni akarudia. Kipindi changu cha mwisho alikuwa analala macho wazi. Maneno yalishaanza kusikika pale nyumbani kwamba kidato cha pili kinamtosha, msichana mkubwa yule, atafute kazi. Asipopata ile nafasi, shule ilikuwa imekwisha. Alilijua hilo, na mimi nililijua.

Tukawa tunakaa baada ya vipindi katika chumba cha maabara, ambacho hakijawahi kuwa na kifaa hata kimoja, kwa hiyo hakuna aliyekihitaji. Nilimpa sheria zangu. Aya moja, jambo moja. Usiniambie ulihuzunika, niambie ulikuwa umeshika nini. Methali uziache huko huko zilipo mpaka zikuombe zenyewe. Na ukiniletea jua lililochomoza kwa madaha, utatoka nalo nje ukaote.

Alicheka kidogo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka.

Nilimwanzisha na vitu vidogo. Andika aya kuhusu mzigo wa majani. Akaandika kwamba majani ya asubuhi yana umande, kwa hiyo mzigo wa asubuhi ni mzito kuliko wa jioni ingawa ukubwa ni uleule, na ndiyo maana anapenda jioni. Nilisoma mara mbili. Kumbe mtoto anajua kuandika, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maisha yake yanaruhusiwa kuandikwa. Nilifurahi mno siku ile. Nilikwenda nyumbani nikamsomea mume wangu ile aya akiwa anakula, akasema ni kweli, majani ya asubuhi ni mazito.

Lakini mzigo wa majani si tukio. Akaandika kuhusu kipaimara chake, ikawa baridi. Akaandika kuhusu mama yake, kwamba ni mpole, mchapakazi na anampenda Mungu. Nikamwambia hiyo ni ripoti ya mwisho wa muhula, si insha. Siku zilikuwa zinakwenda. Nikaanza kumbana, maana subira sikuzaliwa nayo. "Huna hata siku moja katika maisha yako ambayo ukifumba macho unaiona yote?"

Alikwangua meza kwa ukucha.

"Ipo moja, mwalimu. Lakini ilishaisha kwa sale."

Mimi ni Mchaga wa Kilema niliyeolewa Kirua, sihitaji kufundishwa sale ni nini. Ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu kosa kubwa, unachuma jani la sale unampelekea, na yeye akipelekewa hakatai. Akishalipokea, amesamehe, na lile jambo halizungumzwi tena, si na wewe wala na mtu mwingine. Atakayelifufua ndiye anayegeuka mkosaji. Nimeona sale ikimaliza ugomvi ambao mahakama ingeuzungusha mpaka wajukuu. Nimeona pia mengine, lakini hayo tulikuwa hatuyasemi.

Hapo ndipo ningenyamaza. Mtu mzima, mke wa mtu katika kijiji kile kile, ningefunga daftari na kumwambia tutafute tukio lingine. Sikufanya hivyo. Nilimwambia kwamba watakaosoma wako mjini, hawaujui ukoo wao wala hawana haja ya kuujua. Nilimwambia karatasi haina mdomo, na kuandika si kusema. Nilivyokuwa naongea nilijua kabisa natafuta njia ya kupita. Ukweli ni kwamba niliitaka ile insha. Katika miaka yangu yote hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuchaguliwa kwa kitu alichoandika, na walimu wa shule za jirani walikuwa hawaachi kutupia picha za wanafunzi wao kwenye grupu. Roho iliniuma kwa jambo dogo namna hiyo.

Akaandika. Alichukua siku tatu. Aya ya kwanza, asubuhi baba mkubwa alikuja na vibarua wawili kukata migomba iliyokuwa kati ya nyumba yao na kaburi la baba yake, kwa sababu alitaka kupanda parachichi. Aya ya pili, mama yake alitoka akasimama mbele ya mgomba, akiwa na mimba aliyoachiwa na marehemu. Akasukumwa. Akaangukia mawe ya ukingo wa shamba. Aya ya tatu, hospitali, na mtoto aliyezaliwa hapumui, na wazee waliosema mambo ya ukoo hayapelekwi polisi. Aya ya nne naikumbuka neno kwa neno.

"Baba mkubwa alikuja na wazee watatu na jani la sale. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alikuwa amevaa gauni lile lile la siku ile, kwa sababu anayo mawili, na utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo ukifua. Alilipokea jani kwa mikono miwili. Wazee wakasema yamekwisha. Mama akasema ahsante. Halafu akaingia jikoni kuwapikia."

Nililia. Nililia pale pale kwenye maabara mbele ya mwanafunzi, na yeye akabaki ananitazama kama mtu aliyevunja kitu cha wenyewe.

Lakini sikuishia hapo, kwa sababu ualimu ni ugonjwa. Katika aya ya pili alikuwa ameandika kwamba mama yake alisukumwa na "ndugu mmoja." Nilichukua kalamu nyekundu nikazungushia. Pembeni nikaandika: Nani? Taja.

"Lazima, mwalimu?"

Nikamweleza kwamba msomaji akishajua aliyesukuma ndiye huyo huyo aliyeleta jani, ndipo ile ahsante itakapomchoma. Kwa ufundi wa kuandika nilikuwa sahihi. Mpaka leo niko sahihi, na hainisaidii kitu. Akafuta "ndugu mmoja," akaandika "baba mkubwa."

Fomu nilikwenda kuiprinti Moshi mjini, kwenye steshenari moja ya familia ya Kihindi karibu na stendi, maana printa ya shule ilikuwa imekufa. Ilitoka karatasi moja, mbele pa kuandika insha, nyuma pa kusaini mzazi au mlezi. Ningekuwa na akili ningemtuma kwanza akasainiwe, ndipo aandike. Nilitaka aandike chini ya macho yangu, kwa mwandiko safi, bila kufutafuta. Akamaliza Ijumaa saa tisa. Nikampongeza, nikamwambia ampe mama yake asaini, ailete Jumatatu, mimi nitaipeleka mjini mwenyewe.

Jumatatu hakuja. Jumanne alikuja mama yake.

Sikuwahi kukaa na yule mama kabla ya siku ile. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amejifunga kitenge vizuri, na aliongea taratibu kama anayetoa taarifa ya msiba wa mtu wa mbali. Aliniambia binti alimpa karatasi na kumwonyesha pa kusaini. Yeye akaona imeandikwa mzazi au mlezi. Sasa mtoto wa marehemu, kwa taratibu zetu, husainiwa na ukoo. Mjane haruki kichwa cha shemeji yake mkubwa na kujisainia mambo ya shule za mbali. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada, binti akiwa amekwenda kukata majani, aliichukua karatasi akampelekea baba mkubwa, kwa heshima zote, ili atoe baraka zake.

"Hukusoma upande wa pili, mama?" nikamuuliza.

"Niliona ni kazi ya shule." Akaangalia mikono yake. "Na yule si tulishapatana naye, mwalimu?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Mimi nilikuwa nimeichukulia ile sale kama kidonda kilichofunikwa kwa kitambaa. Yeye aliipokea kweli. Alikuwa amesamehe, au amejilazimisha mpaka ikawa kweli, na mtu aliyepatana na mwenzake hamfichi karatasi. Na lile la ukoo kusaini nililijua tangu utoto. Wifi yangu alipofiwa na mume, hata fomu ya ubatizo wa mtoto ilisainiwa na shemeji. Nilisahau kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika mjini na insha yangu. Naam, nilikuwa nimeshaanza kuiita yangu.

Baba mkubwa alisoma upande wa mbele akiwa amesimama. Hakupiga kelele. Alikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akamwambia mama arudi nyumbani. Jioni hiyo hiyo wazee wakakaa. Walimwambia mama kwamba sale aliipokea kwa mikono yake na kuirudisha kwa kalamu ya mtoto, na kwa hiyo imevunjwa, na aliyeivunja ni yeye. Akapewa njia mbili. Arudi kwao na watoto wake watatu, au abaki, na binti aondoke pale, aende mahali ambapo hatakuwa na la kuandika. Kwao mama hakukuwa na mtu isipokuwa kaka mmoja ambaye nyumba yake ilishajaa.

"Nimebaki," aliniambia. "Nina watoto wadogo wawili."

Jumatatu asubuhi, wakati mimi namsubiri darasani, binti alikuwa ameshapelekwa Holili kwa ndugu wa mke wa baba mkubwa, kusaidia kwenye duka la nafaka. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa unakaribia. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliinuka, akaniaga, akashuka na njia ya shuleni bila kugeuka. Ningependa angenitukana.

Tuna mwalimu kijana wa Uraia pale shuleni, familia yake ilikuja kutoka mkoa mwingine kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, kwa hiyo amekulia Moshi lakini si wa mlimani. Nilimwambia yote. Akasema twende kwa mtendaji wa kata leo leo, na asipotusikiliza twende ustawi wa jamii wilayani. Mtoto ametolewa shule, hiyo ni kesi, hakuna cha ukoo hapo. Nikamjibu kwamba yeye ni mgeni na hajui mambo ya hapa. Nikipeleka serikali, yule mama atafukuzwa kesho yake. Nikamwambia mimi naijua njia yake, nitayamaliza kienyeji.

"Mwenye kovu usidhani kapoa, mwalimu," akasema. Nilimwona mtoto mdogo anayetoa methali kwa mkubwa wake.

Jumamosi nilichuma jani la sale kwenye kaburi la baba mkwe wangu nikaenda nalo kwa baba mkubwa. Mume wangu alikubali kunisindikiza ila aliapa kwamba hatafungua mdomo. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Mimi ndiye niliyemkosea, kwa kumfanya mtoto aandike. Nikimletea sale hawezi kukataa. Akishapokea, roho italainika, nami nitamwomba mtoto arudi afanye mtihani.

Alitupokea vizuri kupita nilivyotegemea. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu nadhifu, mwenye sauti ya upole. Nilimsalimia shikamoo, nikapiga goti, nikamwambia nimekosa, nikamkabidhi jani. Alilipokea kwa mikono miwili. Akamwita mkewe alete mbege, pombe yetu ya ndizi, tukanywa, mimi wa kwanza. Ilikuwa mbege nzuri, na nakumbuka niliona aibu kwamba nausikia utamu wake.

Nilipomaliza kunywa nikasema, "Sasa baba, kuhusu mtoto."

Akaniangalia kama anayenionea huruma. "Mwalimu, umeleta sale au umeleta kesi?"

"Nimeleta sale."

"Na mimi nimeipokea. Basi, yamekwisha. Hatuyaongei tena, mimi na wewe, wala wewe na mtu mwingine." Akageuka kwa mume wangu akamuuliza kahawa mwaka huu inaendeleaje.

Nilikaa pale nikiwasikiliza wakiongea habari za kahawa. Nilikuwa nimekwenda kufungua mlango, na nilikuwa nimeufunga kwa mkono wangu mwenyewe na kumpa yeye funguo. Jumatatu yule mwalimu wa Uraia aliniuliza kama sasa twende kwa mtendaji. Nikamwambia siwezi, sale yangu imeshapokelewa. Aliondoka, na tangu siku hiyo ananisalimia kwa adabu tu. Alikwenda peke yake. Mtendaji alimwambia ametuma mtu kuuliza, na mama wa mtoto mwenyewe amesema binti yake ameenda kusalimia ndugu.

Ninapoandika haya najua navunja sale yangu. Nimeficha majina yote, lakini wa Kirua watanijua, na wataniambia mimi ndiye mkosaji sasa. Sawa, niwe. Nilikuwa na woga wa heshima ya kijiji wakati mtoto alikuwa anahitaji mtu mkali, mimi ambaye ukali wangu wote niliumalizia kwenye insha za watoto.

Mtihani ulipita bila yeye. Likizo ya Desemba nilikwenda Holili. Sikumwambia mtu nakwenda kufanya nini, nilisema nafuata mahindi. Nilikuwa nimenunua daftari kubwa na kalamu mbili, nikaziweka kwenye mkoba. Duka lilikuwa kando ya barabara, malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, vumbi kila mahali. Nilimkuta amevaa koti la kazi kubwa kuliko yeye, anapima maharage kwa kopo na kumimina kwenye gunia. Mikono ilikuwa imeota sugu mpya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Akanipa kigoda cha mwenye duka, akapangusa kwanza. Nikamuuliza anakula vizuri, akasema ndiyo. Nikamuuliza kama analala mapema, akasema ndiyo. Nikamwambia wenzake wamefanya mtihani, na papo hapo nikatamani nimeze ulimi. Daftari sikulitoa. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba anaweza kuendelea kuandika hata hapa, na nilipomwona hivyo nikaona ningekuwa mwendawazimu.

"Nilikwenda kwa baba yako mkubwa," nikasema. "Nilipeleka sale. Akapokea."

"Nilisikia." Alikunja mdomo wa gunia, akatoboa kwa sindano ndefu, akavuta uzi. "Mama alinipigia."

"Nilikosea. Ni kwako ningekuja kwanza. Nitarudi, nitakuletea na wewe..."

Alisimamisha sindano. Hakuinua sauti, wala hakunitazama kwa hasira. Alisema kwa adabu ile ile aliyonisalimia nayo.

"Mwalimu, naomba usiniletee. Ukileta itabidi nipokee."

Mteja akaingia kuulizia mchele, naye akaenda kumhudumia.